Kabla Gari Halijaondoka

  

Majilio yameanza. Waliokwenda kanisani Jumapili wamemwona padre amevaa zambarau, na waliosikiliza vizuri wametambua kwamba Utukufu haukuimbwa. Aleluya tumeiimba, maana hiki si kipindi cha majonzi kama siku za Mateso, lakini Utukufu umewekwa akiba hadi usiku wa Noeli, tuje kuuimba pamoja na malaika waliouanzisha. Kwa ndugu zetu Walutheri na Waanglikana nako mshumaa wa kwanza umewashwa. Tunazo Jumapili nne. Ile ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, kwa hiyo kuna mwaka Majilio hupata siku 28 na kuna mwaka hupata 22 tu, juma la nne likikatwa na Noeli yenyewe. Kwa vyovyote vile muda ni mfupi.

Na muda huu mfupi unagombewa. Huu ndio mwezi wa tiketi. Pita Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis kuanzia katikati ya Desemba uone: familia nzima, mabegi, ndoo, mifuko ya zawadi, na watoto waliokwisha kuvalishwa masweta ya baridi ya Marangu na Rombo hali wangali kwenye joto la Dar es Salaam. Mabasi ya Moshi yamejaa siku nyingi kabla. Watani wao wanawaambia Wachagga kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo ni wa miaka mingi, na wenyewe wameupokea, wanajibu kuwa ndiyo, asiyekwenda hatahesabiwa.

Mimi kila nikiusikia humkumbuka Yusufu. Mwinjili Luka anatuambia Kaisari Augusto aliamuru watu waandikishwe, kila mtu mjini kwao, na seremala wa Nazareti akafunga safari ya kupanda Bethlehemu, mji wa Daudi, akiwa na Maria ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia. Noeli ya kwanza kabisa ilimkuta mtu safarini, anarudi kwao kuhesabiwa. Na huko kwao, kwenye mji wa babu zake, hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Kwa hiyo sioni kwamba safari ya Desemba inatuharibia Noeli, kama wanavyolalamika baadhi ya wahubiri. Ninachotaka tukitazame leo ni yale yanayopaswa kumalizwa kabla gari halijaondoka.

Kila mwaka tunaambiwa tuiandae mioyo yetu, na wengi tunaitikia bila kujua tuanzie wapi. Moyo haupigwi deki. Basi mtu anasubiri ajisikie vizuri, apate utulivu fulani, nyimbo za Noeli zimguse. Na asipojisikia hivyo anaona ameshindwa. Hapo ndipo Kanisa linapotuletea Yohana Mbatizaji, na linatuletea mapema, Jumapili ya pili na ya tatu, ili tusipotee katika hisia.

Luka anamwingiza Yohana kwa tarehe, kwa makini kama karani: mwaka wa 15 wa utawala wa Kaisari Tiberio, Pontio Pilato akiwa liwali wa Uyahudi, Herode akiitawala Galilaya. Anataka tujue kwamba mambo haya yalitokea katika dunia hii ya serikali, ya kodi na ya askari. Yohana yuko jangwani, kandokando ya Yordani, anahubiri toba kwa maneno makali. Watu wanamwendea, wanachomwa, na wanataka kujua wafanye nini. Wanamwuliza mara tatu, makundi matatu: kwanza makutano, kisha watoza ushuru, kisha askari.

Hapa ndipo ningeomba tukae kidogo. Makutano aliwajibu habari za nguo na chakula: mwenye kanzu ya ziada ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru aliwaambia wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari aliwaambia wasimwonee mtu kwa mabavu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Yameishia hapo. Hakuwadai machozi wala hakuwapangia idadi ya sala. Na hili hunishangaza kila mwaka likisomwa: hakuwaambia waache kazi zao. Yeye mwenyewe alivaa singa za ngamia, akala nzige na asali ya mwitu, lakini hakumwalika hata mmoja wao abaki naye jangwani. Aliwarudisha sokoni, kwenye meza ya ushuru, kambini, na kila kundi akalitajia dhambi ya kazi yake. Mtoza ushuru hakuhitaji kuambiwa habari za kanzu mbili peke yake. Alihitaji mtu wa kumtajia kile kiwango. Askari alihitaji kusikia neno mshahara.

Katika kalenda ya Kanisa Katoliki somo hili husomwa mwaka C, Dominika ya tatu ya Majilio. Ndiyo ile Jumapili ambayo padre anaweza kuvaa rangi ya waridi na Misa nzima inatuita tufurahi. Sidhani mpangilio huo ni wa bahati tu. Siku ya furaha tunasomewa habari za ushuru na mishahara, kwa sababu furaha ya yule aliyekuwa akitozwa kupita kiasi ilianza siku mtoza ushuru alipotoka mtoni akiwa ametubu.

Kwa hiyo jibu la Yohana lina namna nyingi, na lako utalijua kwa kazi yako. Mwenye basi anajua nauli iliyopangwa, na anajua anachomtoza mama mwenye watoto watatu tarehe 22 Desemba. Mwuza mchele anajua kipimo chake. Anayesahihisha mitihani, anayegawa dawa, anayepokea majalada kwenye kaunta, kila mmoja ana mahali pake ambapo Yohana angeweka kidole. Jibu alilopewa askari halihitaji kubadilishwa neno hata moja.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye sikukuu hii humpita karibu kabisa bila kumwona, naye yumo ndani ya nyumba zetu. Ni dada wa kazi. Tunamwita dada, watoto wetu wanamwita dada, na mwezi wa Desemba ndio anaofanya kazi kuliko miezi yote: mapazia yafuliwe, wageni wapikiwe, mizigo ifungwe. Mara nyingi huyu binti ametoka Iringa, Singida, Kigoma au Tanga, na kwao pia kuna mama anayemsubiri. Wapo waajiri wema, nao Mungu awabariki. Lakini sote tunajua nyumba ambazo mshahara wa Oktoba umeunganishwa na wa Novemba, na wa Novemba umeambiwa usubiri Januari, na Januari ina ada na sare za shule. Anaambiwa avumilie, kwa kuwa sisi ni kama ndugu. Tunajua pia nyumba ambazo binti akiomba ruhusa ya kwenda kwao anajibiwa kwamba huu si wakati. Ndugu yangu mwenye nyumba, shikamoo kama umenizidi umri, na naomba unisikilize kwa upendo: kama fedha ya huyu binti iko kwenye tiketi zako za basi, Majilio yako yanaanzia hapo. Mlipe kabla hujasafiri. Mlipe yote, na mpe nafasi ya kwenda kwao, kama si Noeli basi mwaka mpya. Kuliko mishumaa yote utakayowasha, hiyo ndiyo ile kanzu ya pili. Na kwa kweli hata kanzu hii si yako. Alikwisha kuifanyia kazi.

Jambo la pili la fedha ni vikoba. Mwisho wa mwaka vikundi vingi huvunja sanduku na kugawana akiba. Mnalijua lile sanduku la makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, ili mmoja asilifungue peke yake. Hisa zimewekwa tangu Januari, mama ntilie kwa mia tano mia tano, na mgao wa Desemba ndio nguo za watoto na mfuko wa mchele. Sasa akiwepo mkopaji ambaye hajarejesha, upungufu unamwangukia mwenzake. Kama ni wewe, usingoje siku ya mgao ukazima simu. Nenda kwa mwenyekiti sasa, sema kiasi ulicho nacho na lini utamalizia. Kusema ukweli mapema huumiza, lakini kunamwachia mwenzako nafasi ya kujipanga.

Nimeanza na fedha, na kuna atakayeona nimeiacha roho pembeni. Sijaiacha. Majilio yalianza kama kipindi cha kujinyima. Huko Tours, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, Askofu Perpetuo aliagiza katika karne ya 5 kwamba watu wafunge siku tatu kwa juma kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Wakristo wa Ethiopia mpaka leo hufunga zaidi ya siku 40 kabla ya Noeli yao ya tarehe 7 Januari, hawagusi nyama wala maziwa. Sisi tumegeuza: tunasherehekea Desemba nzima, tafrija ya kufunga mwaka hii na ile, na Noeli inatukuta tumeshiba na tumechoka. Sisemi usiende kwenye sherehe ya ofisini. Nasema chagua hata siku moja ya juma, Ijumaa kwa mfano, ule kidogo, na ulichoacha kula kipate mlaji.

Hata lile taji la Majilio lenye mishumaa minne lilizaliwa kati ya watoto fukara. Mwanateolojia Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakimwuliza kila siku kama Noeli imefika, na mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na mikubwa minne kwa Jumapili, wahesabu wenyewe. Kule ni majira ya baridi, saa kumi jioni giza limeingia, kwa hiyo mshumaa unasema kitu. Kwetu Desemba ni tofauti. Ile miti ya maua mekundu ambayo wengi huiita mikrismasi imechanua barabarani, na kwa watu wa Dodoma na Singida huu ni wakati wa kutazama mawingu. Nabii Isaya anaomba mbingu zidondoshe haki kama mvua na nchi ifunguke iuchipushe wokovu, na Kanisa limeifanya kuwa sala ya Majilio kwa karne nyingi. Mkulima wa Bahi hahitaji kufafanuliwa sala hiyo. Anaisali ikiwa jembe limeshapigwa na mbegu imeshachaguliwa, kwa sababu mvua ya kwanza haimsubiri mtu akafyeke.

Sasa turudi kwenye basi letu la Moshi, maana huko mwisho wa safari ndiko kuliko na kazi ngumu zaidi.

Familia zinazokutana Kilimanjaro mwezi Desemba hazikutani kwa ajili ya ndafu na mbege peke yake. Hukutana pia na yale waliyoyaacha Desemba iliyopita. Kaka wawili hawasemezani kwa sababu ya kipande cha kihamba, shamba la ukoo. Dada ameambiwa hana lake hapa kwa kuwa ameolewa. Mmoja alimuuguza mama peke yake, wengine wakatuma pole kwa simu, na mama amefariki na neno halijasemwa. Kanisani wote watakaa benchi moja na kupeana amani. Nyumbani mmoja atakula nje, chini ya mgomba.

Wachagga wana kitu kinachonigusa sana katika jambo hili, nacho ni isale. Kwa wasiolifahamu, ni mmea wa kijani wenye majani marefu, umepandwa mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee. Mtu aliyemkosea mwenzake huchukua jani la isale akaenda nalo, au akatanguliza mtu mzima anayeheshimiwa aende nalo, kuomba msamaha. Aliyekosewa akilipokea, kisasi kimekwisha. Kulikataa ni jambo zito, watu wanaliogopa. Wamisionari Wakatoliki walipojenga Kilema mwaka 1890, na Walutheri walipofika Machame mwaka 1893, walilikuta isale liko tayari linafanya kazi yake. Na angalia mahali linapoota. Mmea uleule unaoonyesha mpaka wa shamba ndio unaombea msamaha kwa yule aliyevuka mpaka. Kaka wanaogombania kihamba wanagombana wakiwa wamesimama juu ya dawa yao.

Lakini hapa lazima niseme neno moja kwa uzito. Jani halifuti deni. Yohana Mbatizaji aliwadai waliomjia matunda yanayolingana na toba, na wazee wetu nao hawakulitumia isale kumfunga mdomo mtu aliyeumizwa. Kama kaka amesogeza mpaka, aurudishe mpaka, kisha alete jani. Na kama kuna mama aliyepigwa, au mtoto aliyetendewa jambo ambalo familia inaona haya kulitaja, msimsukumizie isale ili sikukuu ipite kimya. Huyo anahitaji kwanza kuwa salama, anahitaji haki, na msamaha wake atautoa kwa wakati wake mbele za Mungu. Amani inayonunuliwa kwa kumnyamazisha mnyonge Yohana hakuihubiri. Yeye mwenyewe alifungwa gerezani kwa kumkemea Herode juu ya mambo ya ndani ya nyumba yake.

Kwa magomvi yale ya kawaida ambayo karibu kila ukoo unayo, usingoje kufika. Ukifika kuna wageni, kuna moshi wa nyama, kuna shemeji ambaye hajui habari ile, na saa nzuri haitapatikana. Piga simu juma hili. Usitume ujumbe, piga. Mdogo ndiye aanze, ndivyo tulivyolelewa, lakini mkubwa akianza hajapungukiwa kitu. Sema: Kaka, shikamoo. Nakuja tarehe fulani. Kuna jambo la mwaka jana, nimelikosea, na nataka tulizungumze tukiwa wawili kabla ya watu. Ukimaliza nyamaza, umwache aseme. Huenda akakujibu kwa ukali. Huenda akakata simu. Umeshalitanguliza isale lako njiani, na litafika kabla yako.

Kwa Wakatoliki kuna pia kuungama, na ningependa usikuache hadi tarehe 24 alasiri wakati mstari umefika langoni na padre mmoja ana watu mia. Kuanzia tarehe 17 Desemba masomo ya Misa yanaacha habari za mwisho wa dunia na kuingia moja kwa moja katika habari za kuzaliwa: ukoo wa Yesu, ndoto ya Yusufu, Zekaria aliyekuwa bubu, Maria akipanda milimani kwa Elizabeti. Parokia nyingi huwa na toba ya pamoja katika siku hizo, mapadre kadhaa wakisaidiana. Mwulize katekista wa kigango chako, au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, atakuambia siku. Nenda ukiwa umeshamlipa uliyepaswa kumlipa, au angalau umeshapanga siku ya kumlipa, maana padre mwangalifu atakuuliza.

Najua si wote wanaosafiri. Wapo wauguzi watakaokuwa zamu, walinzi, madereva wa mabasi hayohayo ninayoyasema, na wapo ambao nyumbani hakuna tena wa kumkuta. Kama wewe una nyumba mjini na hutasafiri, mwangalie jirani wa namna hiyo, mpeleke mezani kwako. Jirani Mwislamu naye umpelekee sahani, kama alivyokupelekea Idi. Hilo kwetu Pwani halihitaji mahubiri.

Na ninyi mnaokwenda kikao cha ukoo, ombeni jambo moja kwa mzee atakayekiongoza. Mwombeni aweke habari za upatanisho mwanzoni, asubuhi, watu wakiwa hawajanywa, kabla ya hesabu za ujenzi wa kaburi na michango ya harusi. Mara nyingi huwekwa mwisho, chini ya mengineyo, na jua linazama kabla halijafikiwa. Likiwekwa mwanzoni, na aliyesogeza mpaka akasimama na kusema, hayo mengine yote yatazungumzwa na watu wanaotazamana usoni.

 Tukutane Jumapili ya pili, ambapo tutamzungumzia Zekaria na ile miezi aliyoimaliza bila kusema neno.